Mgonjwa Aulizwe

Wazee wetu walituachia methali isemayo: Mgonjwa haulizwi uji. Maana yake ni wazi. Ukimwona mtu amelala na nguvu zimemwishia, usisimame mlangoni kumwuliza kama anataka kula. Pika, umletee. Ni methali ya huruma, na sisi makatekista twaitumia mara nyingi. Lakini liko jambo moja ambalo mgonjwa lazima aulizwe, tena aulizwe yeye mwenyewe, wala si baba yake wala katekista wake. Jambo hilo ni kuingia katika jaribio la dawa. Twalieleza hapa kwa sababu limeingia nyumbani mwetu, na huenda kesho litabisha hodi kwenu.

Dada yetu mkubwa, ambaye sisi sote twamwita Yaya, ni mjane mwenye watoto wanne, mkulima wa kando ya Butembo. Mwaka 2021 alionekana ana kansa ya ziwa. Akapasuliwa, akapewa dawa, akarudi shambani. Mwaka 2023 ugonjwa ulirudi, nao ulikuwa umekwisha kufika katika mifupa na ini. Tukauza kahawa na mbuzi, tukapita Kasindi, tukavuka Mpondwe, tukafika Kampala. Huko waganga hawakutuficha neno. Walisema: Kansa iliyoenea hivi hatuwezi kuiondoa kabisa. Dawa zaweza kuirudisha nyuma kwa muda na kupunguza maumivu. Kisha mganga mmoja akaongeza kwamba liko jaribio, ambamo dawa mpya inalinganishwa na dawa ya siku zote. Akamwuliza Yaya kama angependa kusikia habari zake.

Baba mdogo, aliyesafiri pamoja nasi, alijibu kabla ya Yaya kufungua kinywa. Alisema: «Hatukuja hapa ili mtoto wetu afanywe panya.» Mganga hakukasirika. Alisema tu kwamba jibu, likiwa ndiyo au hapana, litatoka kwa mgonjwa.

Hatushangai kwamba mzee aliogopa. Wakati wa Ebola iliyotupiga tangu Agosti 2018 hata Juni 2020, watu wengi wa Beni na Butembo walisema kwamba ugonjwa umeletwa ili wengine wapate fedha. Mwezi wa Februari 2019 vituo vya kutunza wagonjwa huko Katwa na Butembo vilishambuliwa na kutiwa moto. Lakini tukumbuke na upande wa pili. Katika vituo hivyo, pamoja na vile vya Beni na Mangina, tangu Novemba 2018 wagonjwa 681 waliingia katika jaribio la dawa nne, likiongozwa na Profesa Jean-Jacques Muyembe na wenzake. Kura ndiyo iliyoamua nani apewe dawa ipi. Mwezi wa Agosti 2019 dawa mbili ziliachwa, kwa sababu ilikuwa imekwisha kuonekana kwamba mbili nyingine zaokoa watu zaidi. Kwa zile zilizoachwa, karibu nusu ya wagonjwa walikufa. Kwa zile bora, walikufa kama 35 katika 100. Tena moja ya hizo bora, iitwayo mAb114, ilipatikana kutokana na damu ya mtu aliyepona Ebola ya Kikwit mwaka 1995. Mtu wa Kikwit alitoa damu yake, na baadaye watu wa Butembo wakapona. Tulimkumbusha baba mdogo jambo hilo, naye akanyamaza kwa heshima, ingawa hakukubali bado.

Basi tulipewa karatasi za jaribio, zimeandikwa kwa Kiswahili, kurasa nyingi. Sisi tuliosoma seminari kidogo tulipewa kazi ya kuzisoma kwa sauti, jioni mbili, huku Yaya amelala ubavu. Tulipofika mahali pagumu tulitia alama, na asubuhi tukamwuliza mganga.

Tulijifunza mengi. Dawa mpya haipewi watu wengi siku moja. Kwanza hujaribiwa kwa watu wachache, ili kujua kipimo chake na madhara yake. Halafu hutazamwa kama kansa yapungua kweli. Mwisho hulinganishwa na dawa inayojulikana, kwa wagonjwa wengi waliogawanywa kwa kura. Wala mganga wala mgonjwa hachagui kundi, kwa sababu kama waganga wangewapa dawa mpya wale walio na nguvu tu, ingeonekana nzuri kuliko ilivyo. Katika jaribio letu, wale wasioipata dawa mpya hawakuachwa bure, bali walipewa dawa ya kawaida iliyo bora. Tena wako wasimamizi wa nje wanaohesabu matokeo, nao waweza kulisimamisha jaribio wakiona watu wanaumia.

Lakini neno lililotugusa zaidi ni hili: jaribio ni swali. Matibabu ya kila siku yatafuta faida ya mgonjwa huyu mmoja. Jaribio latafuta jibu kwa ajili ya wagonjwa wanaokuja. Huenda mgonjwa akafaidika, huenda asifaidike, huenda dawa ikamletea taabu mpya. Anayeingia akidhani ameahidiwa kupona amedanganyika, hata kama hakuna mtu aliyemdanganya. Mwenye kansa kubwa yuko katika hatari hiyo kuliko wengine, kwa sababu aliye katika maji mengi hushika hata jani.

Ndiyo sababu ridhaa ya mgonjwa ni sharti la kwanza. Dunia ilijifunza hayo kwa uchungu. Waganga wa Wanazi waliwatesa wafungwa kwa majaribio, na mwaka 1947 mahakama ya Nuremberg iliandika kwamba mtu asijaribiwe pasipo kukubali kwa hiari yake. Mwaka 1964 chama cha waganga wa dunia kilitoa Azimio la Helsinki juu ya jambo hilo hilo. Mama Kanisa naye hakukaa kimya. Papa Pio XII, aliposema na wataalamu wa uganga mwezi wa Septemba 1952, aliwafundisha kwamba mganga hana mamlaka juu ya mgonjwa ila yale ambayo mgonjwa mwenyewe amempa. Na katika tamko la Mei 1980, idara ya Roma inayosimamia mafundisho ya imani ilieleza kwamba, dawa nyingine zikiwa hazitoshi, mgonjwa akikubali aweza kutumia hata zile ambazo zingali katika kujaribiwa, na kwa kufanya hivyo aweza kuonyesha ukarimu kwa wanadamu. Angalieni: aweza, si lazima. Tamko lile lasema pia kwamba mtu halazimishwi kupokea matibabu yenye hatari au mzigo mkubwa. Akikataa hatendi dhambi ya kujiua. Anakubali tu kwamba yeye ni mwanadamu.

Jioni ya pili Yaya alituuliza maswali matatu. Nikikataa, watanifukuza? Tulisoma: hapana, utatibiwa kama wengine. Nikiingia na kuchoka, naweza kutoka? Tulisoma: ndiyo, siku yoyote, bila kutoa sababu. Na fedha za safari? Tulisoma: nauli ya kuja hospitali italipwa. Akafikiri, halafu akasema: «Mdogo wangu, nina mabinti wawili. Wakipatwa na ugonjwa huu, nataka waganga wajue zaidi ya wanavyojua leo. Nitaingia. Lakini msiwaambie watu kwamba nakwenda kupona.»

Asubuhi akatia sahihi kwa mkono wake. Kura ikamwangukia kundi la dawa ya kawaida. Baba mdogo alisikitika, akasema tumehangaika bure. Yaya akamjibu: «Baba, hata mizani ina pande mbili. Upande mmoja ukikosekana, utapima nini?» Hatukumfundisha maneno hayo.

Miezi saba kansa ilitulia. Yaya alitolewa damu mara nyingi, alipigwa picha, alitapika, nywele zikaanguka. Mwezi wa nane picha zikaonyesha kwamba ini limezidi kuharibika, akatolewa katika jaribio kadiri ya sheria yake. Hawakumtupa. Walimkabidhi kwa watu wa hospisi, maana Uganda ina kazi hiyo tangu 1993, ilipoanzishwa na mganga Anne Merriman, aliyewahi kuwa mtawa mmisionari. Humpa morfini ya kunywa, na maumivu ya mifupa yamepungua. Wakristu wengine huogopa morfini, lakini Pio XII alikwisha kufundisha mwaka 1957 kwamba yaruhusiwa kutuliza maumivu kwa dawa, hata kama zaleta usingizi. Siku tunayoandika, Yaya yuko Kampala kwa binti yake, amepokea Mpako wa Wagonjwa, na husali rozari akiwa na nguvu. Jibu la jaribio halijatoka bado. Huenda hatalisikia, naye ajua.

Basi, wapenzi, mkipata mgonjwa anayeitwa katika jaribio la dawa, fanyeni hivi. Ombeni karatasi katika lugha anayoisikia, na msomeni mpaka mwisho. Ulizeni: dawa hii yalinganishwa na nini? Madhara gani yamekwisha kuonekana? Nikiumizwa nayo, nani atanitibu? Jaribio likiisha, nani atanitunza? Mwenye kuharakisha sahihi msimwamini, na mwenye kuahidi uponyaji msimwamini zaidi. Kisha nyamazeni, mumwache mgonjwa ajibu. Akisema hapana, msimhesabu mwoga. Akisema ndiyo, msimhesabu panya. Sadaka hutolewa na mwenye mali, na mwili wa Yaya ni wa Yaya, aliokabidhiwa na Mungu.

Uji tuendelee kuwapelekea wagonjwa bila kuuliza. Na Jumapili, katika maombi ya waamini, mumkumbuke Yaya pamoja na wagonjwa wote wa jaribio lile, wa kundi la kwanza na wa kundi la pili.