Kutoka Mistari Hadi Matawi

Nilipoanza kazi ya kuandika programu, kulinganisha matoleo mawili ya msimbo kulikuwa ni kulinganisha mistari tu. Sote tuliitegemea programu ya diff, iliyozaliwa katika maabara za Bell, Marekani, miaka ya 1970, kwa kazi ya Douglas McIlroy na James Hunt. Mwaka 1986 Eugene Myers alichapisha mbinu ya kasi zaidi, na Git, mfumo wa kutunza matoleo ya msimbo, huitumia hadi leo isipoagizwa vingine. Naiheshimu mno njia hiyo: haijali faili limeandikwa kwa lugha gani, wala haikwami.

Ila haielewi inachosoma. Mwenzako akizungushia sharti moja sehemu ndefu ya msimbo, mistari yote ya ndani husogea kulia, na diff hudai yote imefutwa ikaandikwa upya. Mkaguzi wa msimbo hupekua ukurasa mzima akisaka badiliko dogo.

Ndipo timu yetu ilipoamua kutengeneza zana ya kulinganisha muundo. Msimbo ulipaswa kuchanganuliwa kuwa mti wenye matawi, kama sentensi za Kiswahili tulizozigawa shuleni kuwa kundi nomino na kundi tenzi. Swali likawa: tutumie kichanganuzi kipi?

Tulianza na cha kompaila. Kwa kuijua lugha yake, hakina mpinzani. Lakini kompaila hutafuta programu itakayotekelezwa, hivyo nyingi huyatupa maelezo ya mwandishi mapema, na bano moja lisipofungwa hukataa kuendelea. Kwa mkaguzi, maelezo yaliyobadilishwa nayo ni badiliko, na msimbo anaoletewa mara nyingi haujakamilika.

Tree-sitter, zana ya kuchanganua msimbo aliyoianzisha Max Brunsfeld, ilitufungulia njia. Huhifadhi kila alama na mahali pake, yakiwemo maelezo. Ikikuta kosa hulitia alama kwenye mti na kusonga mbele. Sarufi zake zipo kwa lugha nyingi, na Wilfred Hughes amejenga juu yake zana ya kulinganisha iitwayo Difftastic. Gharama ipo: kuoanisha miti ni kazi nzito kuliko kuoanisha mistari. Faili likizidi ukubwa, Difftastic yenyewe hurudi kwenye mistari, na sisi tukafanya vivyo hivyo.

Anayeniomba ushauri leo namtaka kwanza aseme nani atayasoma matokeo. Kompaila ina haki ya kudai msimbo uliokamilika. Mkaguzi ana haki ya kuona kila alichoandika mwenzake, hata kilichovunjika, na kichanganuzi kichaguliwe kwa haki hiyo.