Kwa Miguu Mpaka Mlango wa Mto Sabaki

Sisi watu wa bara tufikapo Malindi huenda kuitazama nguzo ya Vasco da Gama, yule baharia Mreno aliyetia nanga hapo mwaka 1498, kisha huketi chini ya minazi tukinywa madafu mpaka siku ya kurudi. Mimi pia nilifanya hivyo siku mbili za kwanza za likizo yangu, mwezi wa Desemba. Siku ya tatu nikafikiri kwamba karani aketiye kitini mwaka mzima hana haja ya kusafiri mbali ili aketi kitini tena. Nikaazimia kwenda kwa miguu, peke yangu, kwa njia ya pwani, mpaka mahali mto Sabaki uingiapo baharini. Mwendo wenyewe ni kama kilometa 5 kuelekea kaskazini.

Niliondoka saa kumi na mbili na nusu asubuhi, maji yakiwa yamekupwa, nikachukua viatu mkononi. Mchanga ulikuwa mgumu na baridi, mzuri sana kwa mwendo. Jambo la kwanza lililonistaajabisha lilikuwa rangi ya bahari. Shuleni tulifundishwa kwamba bahari ni ya samawati, lakini bahari niliyoiona asubuhi ile ilikuwa na rangi ya chai ya maziwa, na mawimbi yalipovunjika yaliacha povu la kahawia juu ya mchanga.

Upande wa kushoto vilikuwako vilima vya mchanga, na juu yake maua. Mvua za vuli zilikuwa zimenyesha, kwa hiyo kila kitu kilichanua. Ua lililotapakaa kupita yote ni la mlakasa, mmea utambaao chini kama kiazi kitamu, wenye majani yaliyogawanyika mfano wa ukwato wa mbuzi. Ua lake ni la zambarau, lina umbo la faneli, nalo hufunguka asubuhi na kunyauka jua likiwa kali. Kati ya milakasa palikuwa na mmea mwingine wa jamii ya kunde, wenye maua ya waridi. Niliinama nikavuta utambaa mmoja wa mlakasa ili nione urefu wake. Nilihesabu hatua kumi na mbili wala sikufika mwisho, na kila pingili ilikuwa imetia mizizi. Pale mlakasa ulipokuwapo, kilima kilisimama imara. Pale ulipokuwa umekanyagwa na kukatwa, upepo ulikuwa ukichukua mchanga kidogo kidogo.

Nilipokaribia mlango wa mto nilisikia sauti za ndege kabla ya kuwaona. Mbele yangu palikuwa na uwanja mpana wa tope na mafungu ya mchanga, na ndege wamejaa tele. Buabua, wenye mkia uliopasuka kama wa mbayuwayu, walikuwa wametua kwa mamia, wote wameelekeza vichwa upande utokako upepo. Yangeyange walisimama majini, weupe kama kanzu za Idi. Mbali zaidi palikuwa na kundi la heroe, wale ndege wa rangi ya waridi wanaojulikana sana na watu wa Nakuru. Lakini walionipendeza zaidi ni chekeamwezi, ndege wadogo wa kahawia wasiokaa kimya, wakimbiao ukingoni mwa maji wakidonoa vijidudu katika tope. Baadhi yao hutaga mayai Siberia, kaskazini kabisa mwa Urusi, kisha huruka maelfu ya kilometa kuja kula katika tope letu mpaka mwezi wa Aprili.

Chini ya mti nilimkuta mzee mvuvi akitengeneza wavu wake.

"Shikamoo, mzee," nikasema.

"Marahaba, mwanangu. Watoka wapi?"

Nikamjibu kwamba kwetu ni Kangundo, katika Ukambani. Akacheka, akanyosha kidole kuelekea maji mekundu. "Basi karibu shambani kwako. Mvua ikinyesha kwenu, sisi huku twajua bila kuambiwa."

Akanieleza kwamba wakati wa kaskazi upepo na mkondo huyasukuma maji ya mto kuelekea Malindi, na wakati wa kusi huyapeleka kaskazini. Alisema kwamba mnamo Julai na Agosti ndege wengine huja kutoka Bukini, kwa wingi usiohesabika. Nikamwambia kwamba basi tope letu lina faida. Akatikisa kichwa. "Kwa ndege, ndiyo. Lakini tope likifunika matumbawe, hufa. Na samaki wa matumbawe atakaa wapi?" Kisha akanionya nisiingie katika matete, maana viboko hulala humo.

Nilikaa pale muda mrefu. Mto huo ni wa pili kwa urefu katika Kenya, baada ya Tana. Huanza katika nchi ya juu karibu na Nairobi kwa jina la Athi, hupita chini ya mlima wa Ol Donyo Sabuk, huzunguka Ukambani, hukutana na mto Tsavo na kuitwa Galana, na ukaribiapo bahari huitwa Sabaki. Kijito kipitacho chini ya shamba la marehemu baba yangu huingia katika Athi. Katika miaka ya 1930 wilaya ya Machakos ilijulikana kwa makorongo na ardhi iliyochakaa. Baadaye watu wakachimba matuta, wengi wao akina mama katika vikundi vya mwethya, na mama yangu alikuwa miongoni mwao.

Sasa nataka kuungama jambo moja. Tangu mwaka uliotangulia mdogo wangu alikuwa amenipelekea habari kwamba matuta matatu ya shamba letu yamebomoka, naye hawezi kuyatengeneza peke yake. Mimi nilimjibu kwamba nina kazi nyingi. Nilimpelekea fedha kidogo, nikaona nimemaliza wajibu. Siku ile nilichota tope la Sabaki kwa kiganja, nikalisugua kwa kidole. Siwezi kuapa kwamba lilitoka kwetu, lakini rangi yake niliijua.

Nilikuwa nimebakiwa na siku nane za likizo. Kesho yake nikapanda basi kurudi bara, nikazitumia siku sita pamoja na mdogo wangu kwa jembe na sururu. Matuta mawili tuliyamaliza, na kingoni mwake tukapanda majani ya kushika udongo, kama mlakasa ushikavyo mchanga. Tuta la tatu linangoja likizo ijayo.

Msomaji, ukipata nafasi, nenda ukawaone ndege wa Sabaki. Lakini kwanza pita shambani kwako baada ya mvua kubwa, utazame rangi ya maji yatokayo.