Mji Hauwasubiri Wakazi Wake



Wengi wetu tunaifahamu Guangzhou ya Xiaobei tu: mizigo, mizani, bei na viza. Mwezi uliopita mjukuu wangu aliniuliza, "Babu, mji huu una nini cha kale?" Sikumjibu kwa maneno. Nilimshika mkono tukatoka.

Tuliteremka kituo cha Changshou Lu, tukafuata barabara ya Enning. Hapo zimesimama nyumba ziitwazo qilou. Ghorofa ya juu imetokeza mbele na kubebwa na nguzo. Chini yake wapita njia hutembea kivulini, jua liwake au mvua inyeshe. Nyingi zilijengwa katika miongo ya mwanzo ya karne ya 20. Nilimkumbusha mjukuu mabaraza ya Mji Mkongwe wa Unguja: mfanyabiashara wa mji wa bandari, popote alipo, humtengea mgeni kivuli mbele ya mlango wake.

Kisha tuliuvuka Mto Zhujiang kwa daraja la Haizhu. Daraja hilo la chuma lilifunguliwa mwaka 1933, likalipuliwa vitani mwaka 1949, na mwaka uliofuata likatengenezwa. Ng'ambo ya pili tulifika Taikoo Cang, maghala yaliyojengwa na kampuni ya Kiingereza ya Butterfield & Swire mwanzoni mwa karne hiyo hiyo. Makuli hawapo tena. Leo mna mikahawa na sinema, lakini kuta na gati vimehifadhiwa. Jengo limepata kazi mpya bila ya kupoteza sura yake.

Si kila jengo lilijaliwa hivyo. Huko Tianhe palikuwa na kiwanda cha vyakula vya makopo cha miaka ya 1950, chenye kuta za matofali mekundu. Mwaka 2009 kiligeuzwa kuwa makao ya wasanii, yakaitwa Redtory. Nilipata kwenda huko na marehemu mke wangu. Tulikaa kitako karibu na mitambo chakavu, tukakizungumzia kiwanda cha nguo cha Urafiki cha Dar es Salaam, kilichojengwa kwa msaada wa China na kufunguliwa mwaka 1968. Hatukupiga hata picha moja, kwani tulidhani mahali pale patatungoja. Makao yale yalifungwa mwaka 2019. Mke wangu naye hayupo tena.

Mjukuu alinyamaza kidogo, kisha akaniomba nisimame chini ya nguzo za ghala anipige picha.

Ndugu zangu, Xiaobei nayo itabadilika, na watoto wetu watauliza tuliishi wapi. Jumapili moja waacheni wateja, watoeni watoto mkawaoneshe mji. Pigeni picha, na nyuma yake andikeni jina la mahali na mwaka. Mali bila daftari huisha bila habari, na kumbukumbu ni vivyo hivyo.

Wenu,
Mwalimu mstaafu