Mtoto Asiyekuwa Daftarini

Nianze kwa kukiri kosa. Kwa karibu miezi mitatu mwanzoni mwa mwaka 2022 niliivunja Sheria ya Elimu, mimi ninayelipwa na umma ili nifundishe. Nilimtoa mwanangu shuleni na kumsomesha mwenyewe.

Alikuwa na miaka tisa, ndiyo kwanza anaingia Darasa la Nne katika shule ya binafsi jijini, na alikuwa na kigugumizi. Wenzake walimwiga, jambo ambalo watoto hulifanya. Mwalimu wake naye akamwiga, na hilo sikuweza kulivumilia. Nilikuwa nimepata likizo ya utafiti ambayo nilikusudia kuitumia katika delta ya Rufiji, alikozaliwa marehemu baba yangu. Mimi na mama yake tukakubaliana kwamba mtoto aandamane nami. Tukapakia vitabu vya kiada sandukuni, tukapita Kibiti, tukateremka hadi Nyamisati, tukapanda boti kuingia katika mikoko.

Shule yetu ilikuwa baraza ya shangazi yangu. Asubuhi tulifanya hesabu, kisha mtoto akamsomea shangazi kwa sauti. Shangazi hajui kusoma, wala hana haraka. Neno likikwama kinywani mwa mtoto, yeye huendelea kupepeta mchele hadi litoke. Ilipofika Februari maneno yalikuwa yakikwama mara chache zaidi, nami nikaanza kujiona mwalimu hodari kuliko nilivyo.

Kilichonizindua ni Upimaji wa Kitaifa wa Darasa la Nne. Nilijiuliza mtoto huyu ataufanyia wapi, na swali hilo likanirudisha kwenye sheria ambayo, kwa aibu yangu, nilikuwa nimeinukuu katika mihadhara bila kuisoma kama mzazi. Kifungu cha 35 cha Sheria ya Elimu ya 1978, Sura ya 353, hakina mafumbo. Mtoto aliyefikisha miaka saba lazima aandikishwe elimu ya msingi; aliyeandikishwa lazima ahudhurie shule yake mpaka amalize; na jukumu la kuhakikisha anahudhuria ni la mzazi. Mzazi ametajwa pale kama mtu wa kumfikisha mtoto shuleni, hakutajwa kama mtu wa kumfundisha. Wala shahada yangu ya uzamivu haikunisaidia. Walimu husajiliwa na Bodi ya Kitaalamu ya Walimu iliyoundwa kwa sheria ya 2018, na kuandika tasnifu si sifa ya kumfundisha mtoto kugawanya kwa tarakimu mbili.

Nilitafuta mlango mwingine. Mtu aliyekosa sekondari anaweza kufanya Mtihani wa Maarifa, kisha akafanya wa Kidato cha Nne kama mtahiniwa wa kujitegemea, lakini mlango huo ni wa ngazi ya juu. Upo MEMKWA, mpango wa elimu ya msingi kwa waliokosa, ila mwanangu hakukosa shule; nilimtoa. Wenzetu wa Kenya wana Sheria ya Elimu ya Msingi ya 2013 inayombana mzazi vivyo hivyo, na huko wazazi wanaotaka kusomesha nyumbani wamelifikisha suala lao Mahakama Kuu. Ningeweza pia kukimbilia Azimio la Ulimwengu la Haki za Binadamu la 1948, ambalo ibara yake ya 26 inampa mzazi haki ya kwanza ya kuchagua aina ya elimu ya mwanawe. Nilipomweleza hayo mwalimu mkuu wa shule ya kijiji, alinisikiliza kwa adabu mpaka mwisho.

“Daktari,” akasema, “kwangu mtoto huyu hayupo. Na kwa serikali, tangu mwaka huu uanze, hayupo popote.”

Alifungua daftari la mahudhurio kunionyesha kwamba hapakuwa na mstari wa kumwandika mtoto aliyeko kwa shangazi. Kisha akanieleza taratibu za uhamisho na namba ya PREM, ile inayomfuata mwanafunzi anakokwenda. Mwishoni mwa Machi mwanangu alikaa kwenye dawati la watu wanne, karibu na mjukuu wa shangazi ambaye ni rika lake.

Sheria ile siichukii. Iliandikwa wakati taifa likijaribu kumvuta kila mtoto darasani, na bila kulazimishwa wazazi wengi, hasa wa mabinti, wangesema watasoma mwakani. Baba wa nyumba ya pili akiniambia kwamba anamsomesha binti yake nyumbani, nami pia ningetaka kuona daftari. Ila sheria inayohesabu mahudhurio tu haina namna ya kututofautisha mimi, yule baba na shangazi yangu. Ofisi ndiyo hututofautisha, kwa vipimo vyake yenyewe.

Hapa lazima nieleze kuhusu dungu. Mkulima wa mpunga huku hujenga kibanda juu ya nguzo ndefu katikati ya shamba, akahamia humo na familia yake, kwa sababu punje zikianza kujaa ndege hushuka kwa makundi na nguruwe mwitu huja usiku. Baada ya mafuriko makubwa ya 1968 serikali iliwahamisha watu wengi wa bonde la Rufiji na kuwapandisha nyanda za juu, na mojawapo ya hoja zake ilikuwa kuwasogeza karibu na huduma, shule zikiwemo. Shule zikawa juu, mpunga ukabaki bondeni, na madungu yakaendelea kujengwa. Visiwani kwenye delta kuna na maji pia: bamvua likiwa kubwa, njia ya asubuhi ni mkondo wa kuvukwa kwa mtumbwi. Chini ya kifungu hicho hicho cha 35 Waziri anaweza kutunga kanuni. Angeweza kuruhusu kalenda ya mpunga, au mwalimu wa kuzungukia madungu, au hata mzazi afundishe na mtoto apimwe. Mimi ningeanza na kalenda.

Mwezi Mei mjukuu wa shangazi alikwenda dunguni kuamia ndege. Mwanangu akamfuata, nami, nikiwa nimezama katika maandishi yangu, nikamwacha. Baada ya siku kumi na moja ilikuja barua ikimtaka shangazi afike ofisi ya kijiji kueleza utoro wa mjukuu wake. Kwangu haikuja barua, ingawa watoto wale walilala dungu moja na kupokezana manati moja.

Tulikwenda pamoja. Mtendaji aliinuka akanipisha kiti chake. Shangazi akakaa kwenye benchi la ukutani. Simlaumu kijana yule. Kati ya 2015 na 2017 watendaji na wenyeviti wa vijiji waliuawa katika wilaya hizi, Kibiti, Rufiji na Mkuranga, na anayekubali kukaa katika ofisi ya namna ile namheshimu. Nikamwambia mwanangu naye hakuhudhuria.

“Wako alikuwa masomoni, Daktari. Wewe si ni mwalimu?”

Nikamwambia sikumfundisha hata neno moja. Kama kuna aliyemfundisha, ni mjukuu wa bibi huyu, aliyemwonyesha jinsi ya kusoma mkondo kabla ya kuvuka. Akacheka, asiandike kitu. Kisha akamgeukia shangazi.

“Bibi, mtoto arudi shule Jumatatu.”

“Mwanangu, na ndege nao nimewaambia Jumatatu?”

Alitia dole gumba kwenye karatasi ya ahadi. Njiani akanipa nakala nimsomee. Nikamsomea yote, taratibu. Akauliza kama mpunga umetajwa mahali popote. Nikamwambia haukutajwa.

Jumatatu watoto wote wawili walikuwa darasani, majina yao yametiwa alama. Shangazi, aliyekwisha kuvuka miaka sabini, alikuwa dunguni peke yake na ile manati.