Tusimkalishe Mzee Atetemekaye

Katika vijiji vyetu vya Kaniama heshima ya mzee yajulikana. Akija, apewa kiti. Akiona kiu, mtoto amletea maji. Akishika jembe, vijana wampokea. Desturi hiyo ni njema, wala hatutaki iachwe. Lakini uko ugonjwa mmoja ambao mwenye nao, akikalishwa kutwa katika kiti hicho cha heshima, azidi kudhoofika. Ndio ugonjwa wa Parkinson.

Jina hilo latoka kwa James Parkinson, mganga wa London, aliyeandika habari zake mwaka 1817. Dalili zake ni hizi: mkono watetemeka wakati umepumzika, viungo vyakazana, hatua zawa fupi, sauti yapungua, uso wakosa tabasamu hata moyo ukiwa na furaha. Sababu yake imo ndani ya ubongo. Humo mna chembe zinazotengeneza kitu kiitwacho dopamini, ambacho husaidia kuendesha mwili. Chembe hizo zikifa, amri ya kutembea yafika kwa shida, ijapokuwa miguu yenyewe ni mizima.

Wasiojua hayo husema: mzee amelewa, au amelogwa. Wengine wamdhania yeye mwenyewe kuwa mchawi. Basi tukumbuke: Papa Yohane Paulo II alifika Lubumbashi mwaka 1985. Miaka ya baadaye ulimwengu wote ulimwona mkono ukitetemeka na sauti ikififia, mpaka alipofariki tarehe 2 Aprili 2005. Ulikuwa ugonjwa uu huu. Nani atasema kwamba Papa alilogwa?

Tena tusidhani kwamba ni ugonjwa wa Wazungu tu. Katika wilaya ya Hai, chini ya mlima Kilimanjaro, huko Tanzania, wataalamu waliutafuta kati ya watu 161,000 hivi. Habari zao zilitolewa mwaka 2008: waliona wagonjwa 33, na wengi wao walikuwa hawajaambiwa na mganga yeyote jina la ugonjwa wao.

Je, dawa ipo? Ipo, yaitwa levodopa. Yasaidia sana, lakini haiondoi ugonjwa, na mbali na miji mikubwa ni shida kuipata. Kwa hiyo twataka kusema habari za msaada mwingine usiouzwa dukani: mazoezi ya mwili. Mwaka 2023 wataalamu walikusanya matokeo ya majaribio zaidi ya 150, ambamo walikuwamo wagonjwa zaidi ya 7,000. Waliona kwamba mazoezi ya namna nyingi, hata kucheza ngoma, yafaa kuliko kukaa bure: mwendo wapata nafuu, na maisha pia. Mazoezi hayaponyi. Lakini akaaye kutwa, misuli yake yalegea, viungo vyake vyakauka, naye huanguka upesi.

Katika ukoo wetu yumo mjomba mwenye ugonjwa huo, zamani mkulima hodari wa mahindi. Kila asubuhi twatoka naye. Mlangoni miguu yake hukwama, kana kwamba imegandamana na sakafu. Hatumvuti, maana akivutwa huanguka. Twasimama naye, apumue, aegemee kidogo upande huu na upande huu, kisha twahesabu: moja, mbili, tatu! Au twachora mistari ardhini, kama mataruma ya reli ipitayo hapa Kaniama, naye aivuka mmoja mmoja. Ajabu ni hii: mtu aliyeshindwa kupita penye sakafu tupu avuka mistari kumi bila kusita. Maana jicho na mdundo huupa ubongo njia nyingine ya kuamuru miguu. Ndiyo sababu wimbo na ngoma zafaa pia.

Basi, mlio na mgonjwa nyumbani, shikeni haya:

1. Aonwe kwanza na mganga, kwa kuwa kutetemeka kuna sababu nyingi. Akipewa dawa, asiiache kwa ajili ya mazoezi.

2. Atembee kila siku, kwa hatua ndefu, akirusha mikono.

3. Ajizoeze kuinuka kitini na kukaa tena, mara kadhaa, mtu akiwa karibu yake asije akaanguka.

4. Akitaka kugeuka, azunguke kwa hatua nyingi, asijipinde ghafula.

5. Akitembea, asibebe mzigo, wala msimsimulie habari. Mawazo yake yawe katika miguu.

6. Aimbe na kusoma kwa sauti kubwa, sauti yake isipotee.

Tena msimnyang'anye kazi zote. Apukuchue mahindi, afagie kiwanja, afunge vifungo vya shati lake mwenyewe. Mtasema: tutachelewa shambani. Ni kweli, mtachelewa. Kumfungia vifungo ni kazi ya dakika moja. Kumngoja ajifungie ni kazi ya dakika kumi. Lakini yule afungiwaye kila siku, mwishowe vidole vyake vyasahau kabisa, na hapo mtakuwa na kazi ya kumlisha pia.

Kwa hiyo mpeni mzee kiti chake, lakini baada ya safari. Kesho asubuhi, kabla jua halijawa kali, mmoja wenu amshike fimbo, aende naye mpaka kwa jirani, wasalimu, warudi. Na keshokutwa vilevile.