Mgongo wa Fundi Cherehani na Salamu za Jua

Mimi ni fundi cherehani Kariakoo, Dar es Salaam, na nina miaka 51. Tangu ujana wangu nashona: sare za shule Desemba na Januari, magauni ya Idi, nguo za harusi msimu ukifika. Aliyekaa kwenye kazi hii anajua inavyoufanya mwili. Shingo imeinamia sindano, mabega yamepanda, mgongo umepinda, na miguu peke yake ndiyo inayotembea, nayo haiendi popote.

Ikafika mahali nikitaka kuinuka kwenye kiti lazima nishike ukuta kwanza. Nikaanza kuswali nimekaa, na hilo liliniuma kuliko mgongo wenyewe. Nilichuliwa, nikavaa mkanda wa kiuno, nikameza dawa za maumivu mpaka tumbo nalo likaanza kulalamika. Hospitali walinipiga picha, wakasema mifupa haina tatizo kubwa. Misuli ya tumbo na mgongo imelegea, na ya nyuma ya mapaja imekaza kwa sababu ya kukaa. Nikaambiwa nifanye mazoezi. Mazoezi gani, sikuambiwa.

Jibu nililipata kwa mteja. Ni bibi wa Kigujarati anayeishi Upanga, mzaliwa wa hapa hapa, ambaye nimemshonea blauzi za sari kwa miaka mingi. Wajukuu zake wanamwita Ba, nasi mafundi tunamwita hivyo hivyo. Umri wake ni wa kunizaa. Siku moja nilikwenda kumpima, futi ikanidondoka, nikainama kuiokota nikakwama. Ba ndiye aliyeinama akaiokota, tena magoti yamenyooka. Akanitazama, akasema, "Fundi, kesho uje alfajiri. Usile kitu kwanza."

Alichonifundisha ni surya namaskar, yaani salamu za jua, mazoezi ya yoga. Ni mikao 12 inayofuatana bila kukatika. Unasimama wima, viganja vimekutana kifuani. Unainua mikono juu na kufungua kifua. Unainama mpaka mikono iguse sakafu, na sisi wageni tunaishia magotini. Unapeleka mguu mmoja nyuma, kisha wa pili, mwili wote ukibebwa na mikono na vidole vya miguu. Unashusha magoti, kifua na kidevu. Unateleza mbele na kuinua kifua, mkao wanaouita wa swila. Unasukuma makalio juu, huo ndio mlima. Kutoka hapo unarudisha mguu mmoja mbele, kisha wa pili, unainama, unainua mikono, mpaka unasimama. Halafu unarudia yote ukianza na mguu wa pili, na mzunguko umetimia.

Kuyasoma ni rahisi. Kwangu mikono ilitetemeka, vifundo vya mikono vikauma, nyuma ya mapaja kukawaka moto. Lakini Ba wala hakuangalia mikono yangu inafika wapi. Alikaa pembeni amefumba macho. "Fundi, sikusikii," akasema. Nikadhani anataka niseme neno, kumbe alikuwa anasikiliza pumzi.

Kanuni yake ilikuwa moja. Mwili ukifunguka, vuta pumzi; ukijikunja, itoe. Mikono ikienda juu, vuta. Ukiinama, toa. Swila, vuta. Mlima, toa. Pumzi itangulie kidogo, mwili ufuate. Ikikatika au ikianza kukwaruza kooni, ujue umezidisha: kunja magoti, punguza, anza tena. Kwa muda mrefu hakunifundisha lolote zaidi ya hilo, hata nikaona kama ananichelewesha.

Niliporudi kwenye cherehani nikaanza kujichunguza. Nikizungusha ukosi chini ya sindano, nabana pumzi. Nikipachika zipu, nabana. Mkasi ukiingia kwenye kitambaa cha mteja, nabana mpaka mstari wa chaki uishe. Kumbe siku nzima nilikuwa nashona bila kupumua sawasawa, na kila nikibana, mabega yanapanda na kiuno kinakaza. Kiti kilikuwa na lawama yake, lakini miaka yote hiyo nilikilaumu peke yake.

Sasa niliseme lile ambalo najua wengi wanalisubiri. Mimi ni Muislamu, na jina la mazoezi haya lilinitia wasiwasi. Yametoka kwa Wahindu, na wapo wanaoyafanya kama ibada, wakitaja jina moja la jua kwa kila mkao. Ba mwenyewe hutaja. Lakini yana historia nyingine pia. Aliyeyaeneza sana katika miaka ya 1920 ni Bhawanrao Pant Pratinidhi, mtawala wa Aundh, jimbo dogo la magharibi mwa India. Alitaka raia wake wawe na miili yenye afya, akayaingiza mashuleni, na mwaka 1938 kitabu chake kikatoka London kwa Kiingereza. Naye maneno ya dua aliyaweka humo humo, kwa hiyo swali langu halikuwa la kijinga.

Wala sikuwa wa kwanza kuliuliza. Mwaka 2009 Baraza la Maulamaa la Indonesia lilikataza yoga yenye mantra, yaani maneno ya dua, na ibada za Kihindu, likaruhusu ile ya mazoezi matupu. Mwaka 2015, Siku ya Kimataifa ya Yoga ilipoadhimishwa kwa mara ya kwanza tarehe 21 Juni, salamu za jua hazikuwekwa kwenye ratiba rasmi ya India, baada ya jumuiya za Kiislamu za huko kulalamika. Mwaka 2017 Saudi Arabia ikaruhusu yoga ifundishwe kama mchezo.

Nilimuuliza Ba bila kuficha, naye hakukasirika. "Majina niachie mimi," alisema. "Wewe chukua mgongo wako." Nilimuuliza na shehe wa msikiti wetu. Akataka kujua nia yangu, na kama kuna maneno ninayoyatamka. Baada ya hapo nikayapanga mazoezi yangu hivi: sitamki kitu, sielekei jua, na mwanzoni mikono naiacha ining'inie ubavuni. Mkao ule ambao miguu, magoti, viganja, kifua na kidevu vinagusa chini, viungo vinane kwa jumla, niliuona unakaribia mno sijda yetu ya viungo saba, nikauacha. Nashusha magoti, nalala kifudifudi, kisha nainua kifua. Hilo halikuharibu kitu. Hata mtindo wa yoga wa Mysore, India, ambao mwalimu Pattabhi Jois aliueneza duniani, hauna mkao huo.

Mabadiliko yalianza kwenye usingizi: nikaacha kuamka usiku kutafuta upande wa kulalia. Yakafuata mabega. Halafu siku moja, baada ya adhana ya alfajiri, nilikisogeza kiti pembeni nikaswali nimesimama, nikarukuu, nikasujudu, nikainuka bila kushika kitu. Nililia. Kwangu huo ndio ushuhuda wenyewe, na yote niliyotangulia kusema ni maelezo yake.

Hata kazini mambo yamebadilika. Meza ya cherehani nimeiinua kwa vipande vya mbao. Nguo moja ikiisha nasimama, nainua mikono, nainama, ndipo nashika nyingine. Wasichana wanaojifunza ufundi kwangu nawasikiliza kama Ba alivyonisikiliza mimi. Nikisikia kimya, nawaambia wapumue.

Maumivu hayajaisha kabisa. Msimu wa sare ukifika yanarudi, na nikinyoosha magoti vidole vyangu bado havifiki sakafuni. Atakayekuahidi kwamba mazoezi haya yanaponya kila ugonjwa, usimwamini. Kama una presha ya damu au ya macho, ni mjamzito, au pingili za mgongo zina tatizo, zungumza na daktari kwanza, kwa sababu kuna mikao ambayo kichwa kinakuwa chini ya moyo. Kama imani yako inakutia shaka, muulize shehe au mchungaji wako, usiulize barabarani.

Ila wewe fundi mwenzangu, na wewe dereva, na wewe karani unayekaa kutwa nzima, usingoje mpaka ushike ukuta. Mkeka unao nyumbani. Anza tumbo likiwa tupu, mizunguko miwili au mitatu, magoti yamekunjwa, taratibu. Ukishindwa kufika sakafuni, ishia magotini. Ukishindwa na hapo, simama tu, inua mikono ukivuta pumzi, ishushe ukiitoa. Fanya hivyo kesho asubuhi kabla hujakaa kwenye kiti chako.