Sufuria Dogo la Mkunazini

Jengo la soko la Darajani, Zanzibar, limesimama hapo tangu 1904, lakini jioni ya mwisho wa Ramadhani biashara yote huwa imemwagika nje. Mafungu ya vitunguu yamepangwa chini hadi ukingoni mwa barabara. Nazi zilizofuliwa, mikungu ya ndizi, mdalasini wenye magome marefu, karafuu za Pemba zikipimwa kwa kikombe. Samli imepangwa kwa makopo. Watu hawatembei, wanasukumwa. Mtoto mmoja aliyebebwa mbavuni ameukamata ushungi wa mama yake na kuunyonya, macho yake yakifuata mizani.

Mama yake alisimama kwa mwuza tende. Hakuuliza bei kwanza. Alisema, "Nataka za mtoto." Mzee akaliacha boksi la mbele, lenye tende kavu zinazong'aa, akaingiza mkono katika boksi la nyuma, akaibonyeza tende moja kwa kidole gumba mpaka ikapasuka. "Hizi," akasema. Mama akaitikia kwa kichwa, akapimiwa robo kilo.

Nilikuwa nimealikwa kwenye nyumba moja ya Mkunazini, hatua chache kutoka sokoni. Uchochoro wenyewe ni mwembamba. Wenye vikapu hupishana kwa ubavu, na usiku huo kila mtu ana kikapu. Harufu ya vitunguu vinavyokaangwa ilikuwa imeshateremka ngazi. Ukipanda unashika ukuta wa mawe na chokaa, baridi kiganjani, na juu ya kichwa boriti za mikoko zimekuwa nyeusi kwa moshi wa miaka mingi. Mwishoni ndipo jiko lilipo, uani, chini ya kipande cha anga.

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba, mwanangu. Pita, usikanyage ngano."

Ngano ilikuwa kwenye beseni, imerowekwa tangu alfajiri, punje zimevimba na kupauka. Masufuria yalikuwa makubwa. La pilau lilichukua kilo kumi za mchele, na ilitaka watu wawili kuliepua. La boko boko lilikuwa na kina cha mkono wangu mpaka kiwiko. Mwiko wake, mrefu kama kasia, uliegemezwa ukutani. Na pembeni, juu ya seredani ndogo ya makaa, palikuwa na sufuria ambalo ningeweza kulifunika kwa viganja viwili. Nilidhani ni la chai. Kumbe lilikuwa la watoto.

Nyumba hiyo ina wajukuu watatu walio chini ya miaka mitano: mmoja wa miezi minane, mmoja wa miaka miwili, na mmoja wa minne ambaye usiku huo alikataa kulala. Siku ya Idi hula kilekile kinacholiwa na wakubwa. Bibi alilisema hilo kwa mkazo, kama mtu anayelinda haki ya mtu. Hakutaka kusikia habari ya biskuti na chai ya maziwa wakati nyumba nzima inakula pilau. "Mtoto wa kwetu aijue Idi kwa ulimi," alisema, "lakini ulimi wake ni mchanga." Nilikaa kwenye kigoda nikatazama jinsi maneno hayo mawili yanavyopatanishwa.

Boko boko ndilo lililoanza. Ni chakula cha ng'ambo ya bahari kilichopata uraia hapa: Oman na Yemen wanacho, wakikiita harisi au harisa, na kitabu cha mapishi cha Baghdad cha karne ya 10 tayari kinakitaja. Ngano na nyama tu, vikipikwa kwa saa nyingi mpaka visitofautishwe. Mkamwana wa nyumba alimtoa kuku aliyeiva, akamchambua kwenye sinia, akakusanya mifupa upande mmoja na minofu upande mwingine. Kisha akapitisha vidole katika minofu mara ya pili, taratibu, kwa kutafuta vijifupa vyembamba kama sindano. Alivipata. Minofu ikarudi sufuriani na kazi ya kusonga ikaanza. Mwiko ulizunguka kwa mikono miwili, mwili mzima ukiyumba nao, na ngano ikawa inatoa sauti nzito ya kufyonza. Jasho lilimtiririka hadi kidevuni. Walipokezana mpaka uji ule ukaanza kuvutika.

Hapo bibi akanyanyua mkono. "Basi. Toa la mtoto."

Chumvi ilikuwa haijatiwa. Samli ilikuwa bado inachemka na vitunguu vyake kando. Upawa mmoja, wa pili, zikaingia kwenye sufuria dogo. Fungu la yule wa miezi minane likapitishwa kwenye chungio na kulegezwa kwa supu ya kuku isiyo na chumvi mpaka likawa linateleza kwenye kijiko. La yule wa miaka miwili liliachwa na uzito wake, likatiwa tone la samli. Ndipo kiganja cha chumvi kikaanguka katika sufuria kubwa, na mwiko ukaendelea.

Niliona kitendo hicho kikirudiwa usiku kucha kwa kila chakula, na ndicho nilichokuja kukiheshimu zaidi ya yote niliyoyaona. Watu wengi hudhani kumpikia mtoto sikukuu ni kumpikia chakula kingine. Katika ua ule ilikuwa ni kujua wakati. Kila sufuria lina dakika yake ambapo chakula kimeiva lakini bado hakijakuwa cha wakubwa, na mpishi aliyeipitisha dakika hiyo hawezi kuirudisha. Figo za mtoto mchanga haziwezi kuitoa chumvi kama zetu. Sukari akiizoea mapema, ndizi na papai humwia baridi mdomoni. Haya akina mama wanaambiwa kliniki. Bibi alikuwa nayo katika mkono wake.

Pilau ilitaka ufundi zaidi, maana ladha yake imo ndani ya vitu ambavyo mtoto hapaswi kuvitafuna: punje za pilipili manga, karafuu nzima, vijiti vya mdalasini. Mkamwana alichana kitambaa cheupe kilichochemshwa, akaweka humo mdalasini, hiliki mbili zilizopondwa na chembe chache za bizari ya pilau, akafunga kwa uzi mrefu. Pilipili manga haikuingia. Vitunguu vilivyokaangwa hadi kuwa rangi ya kahawa alivitwanga na kitunguu thomu katika kinu kidogo, akavikoroga na supu ya mbuzi iliyochotwa mapema. Mchele ukafuata, na maji ya kuzidi. Kile kifundo kilining'inizwa sufuriani kwa uzi wake na kutolewa kabla wali haujakauka. Nyama ya mbuzi ilitwangwa mpaka ikawa nyuzi. Alipofunua, mvuke ulikuwa wa pilau kamili, na wali ulipondeka kwa mgongo wa mwiko bila kubishana. Niliuonja. Ulikuwa na harufu yote ya sikukuu bila ukali wake.

Sufuria kubwa wakati huo lilikuwa limepaliwa makaa juu ya mfuniko, mekundu, yakimulika nyuso.

Tambi hazikuchukua muda. Zilivunjwa fupi kabla ya kukaangwa, zikapikwa kwa tui jepesi na hiliki, na fungu la watoto likatolewa kabla ya sukari na zabibu. Mkate wa kumimina haukuhitaji hata hilo. Ulaini wake unatosha, na bibi alikuwa amepunguza sukari ya mkate mzima bila kumwambia mtu. Kaimati watoto walipewa zile ambazo hazijaingia kwenye shira. Kashata za njugu, korosho na halua yenye lozi vilipandishwa kabatini, rafu ya juu kabisa. Koo la mtoto wa miaka miwili ni jembamba na magego ya kusagia hayajakamilika. Njugu moja inatosha kuziba pumzi. Yule wa miaka minne alilalamika. Akapewa kipande cha halua kilichochambuliwa lozi, kidogo kama ukucha, akakila akiwa amefumba macho.

Katika kona ya ukumbi, babu alikuwa akipima mchele wa fitri. Vibaba vinne, yaani pishi moja, takriban kilo mbili na nusu, kwa kila kichwa cha nyumba, na aliwataja mmoja mmoja kwa sauti. Yule wa miezi minane alitajwa kama wengine. Pishi yake ilimwagwa kwenye mfuko uleule, imejaa, haikupunguzwa kwa udogo wake. Anatolewa sadaka ya kumaliza mfungo ambao hajaufunga, ili maskini naye apate chakula cha siku hiyo. Nilisimama pale kwa muda.

Asubuhi takbira zilitoka misikiti ya jirani zikigongana juu ya mapaa. Wanaume walikula tende kabla ya kwenda kuswali, kwa idadi ya witiri kama ilivyo suna. Tende ya mtoto ilikuwa imerowekwa usiku katika maji ya moto, ikamenywa, kokwa ikatupwa, ikapondwa. Aliilamba kutoka kidoleni kwa bibi yake, akatulia, kisha akafungua mdomo tena.

Waliporudi msikitini, masinia yalitandazwa juu ya mkeka. Bakuli la watoto halikuwekwa jikoni wala mezani. Liliwekwa ndani ya sinia lenyewe, katikati ya pilau ya wakubwa, na mtoto akapakatwa hapo hapo, goti kwa goti na watu wazima wanane. Mikono ilikuwa ikienda na kurudi mbele yake. Aliitazama yote.

Alasiri watoto hupelekwa viwanja vya Mnazi Mmoja, na huko kuna soda, pipi za rangi na barafu za maji. Sina la kuzuia furaha hiyo. Ila mtoto aliyekula vizuri mchana huonja pipi moja akatosheka, na niliwaona wale wawili wakubwa wakifanya hivyo.

Wewe unayepika Idi ijayo, weka sufuria dogo kando ya lile kubwa. Toa fungu la mtoto kabla ya chumvi, kabla ya sukari, kabla ya pilipili. Chambua nyama kwa vidole vyako mwenyewe, mara mbili. Njugu nzima na korosho usimpe mpaka apite miaka mitano. Na asali, hata ile ya kumwonjesha kwa kidole tu, subiri atimize mwaka mmoja, kwa sababu inaweza kubeba vijidudu ambavyo tumbo la mtoto mchanga haliwezi kuvizuia.